Asali Iliyoganda Ndiyo Iliyoniletea Wateja

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa sekunde 18. "Mwanangu, mimi nimeagiza asali, wewe umenitumia sukari. Naomba hela yangu." Chini yake aliweka picha: chupa ya lita moja imepinduliwa kichwa chini na asali haishuki, imeshika kama samli ya asubuhi yenye baridi.

Ilikuwa Juni 2022, na mteja ni mama mmoja wa Njombe. Nilikuwa na miezi 7 tu kwenye biashara. Kaka yangu anarina asali huko Sikonge, mkoani Tabora, ananipakilia ndoo za lita 20 kwenye basi; mimi nazipokea stendi ya Mbezi, nachuja, najaza kwenye chupa na kuuzia nyumbani, Tabata. Ndoo moja ina uzito wa kilo 28 hivi, maana lita ya asali inakaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo hata nauli ya mzigo inauma. Kumrudishia yule mama hela ya chupa mbili ilikuwa sawa na kula faida ya wiki nzima. Lakini kilichoniuma zaidi ni kuitwa tapeli kwa asali ambayo naijua mpaka mti uliotundikwa mzinga wake.

Nilianza kumwandikia maelezo marefu, nikayafuta. Nikakumbuka kuna chupa iliyokuwa imesahaulika chini kabisa ya friji tangu Desemba, nayo ilikuwa imeganda vilevile. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe mpaka mkono uweze kuvumilia, nikatandika kitambaa ndani ya sufuria, nikalegeza kifuniko cha chupa na kuisimamisha humo. Simu niliiegemeza kwenye kopo la unga wa ngano. Jogoo wa jirani anasikika kwenye video hiyo mwanzo hadi mwisho.

Dakika 10 za kwanza hakuna kilichobadilika. Kisha kingo za chupa zikaanza kung'aa, asali ikawa laini pembeni huku katikati pamebaki kipande cheupe kama mshumaa. Nikaigeuza, nikabadilisha maji, na baada ya nusu saa na ushee ile asali ilikuwa inatiririka, rangi yake ya kahawia imerudi. Huku narekodi nilikuwa nazungumza na yule mama kama vile tumekaa jikoni pamoja: mama, asali ina sukari za asili za aina mbili, moja inaitwa glukosi, na hiyo ikipata baridi hushikana chembechembe. Baridi ya nyuzi 14 hivi ndiyo inayoigandisha haraka kuliko zote. Njombe mwezi huu mnalala na mablanketi mawili, sisi Dar tunalala na feni, ndiyo maana kwangu ni maji na kwako ni jiwe. Usiichemshe, utaua harufu yake. Ipashe moto taratibu.

Akajaribu na ya kwake. Jioni akanitumia picha ya kijiko kinachochuruzika, na maneno mawili: "Imerudi. Samahani." Mimi nikadhani yameishia hapo. Siku 3 baadaye nikaanza kupigiwa na namba za Njombe nisizozijua. Kumbe alikuwa ameirusha ile video kwenye kundi la kikoba chake. Wanawake 4 waliagiza wiki hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama asali yangu ni halisi.

Nilikaa nikajiuliza miezi yote 7 nilikuwa nafanya nini. Kila asubuhi nilikuwa naweka picha ya chupa zimepangwa mezani, na maneno yaleyale: "Asali mbichi asilia, karibuni sana, njoo inboksi." Wauza asali wote wa mjini huandika hivyo, na anayechanganya na sukari naye huandika hivyohivyo. Mteja atanitofautishaje? Tena nilikuwa nimeshampa kijana mmoja aliyejiita mtaalamu wa mitandao shilingi 60,000 aniongezee wafuasi Instagram. Wafuasi wakaja 3,000 kwa usiku mmoja, majina ya nchi za mbali, na hakuna aliyenunua hata kijiko. Bado hela ile inaniuma, maana ilikuwa ya chupa mpya.

Baada ya Njombe nikachukua daftari la shule, nikaanza kuandika kila swali ninaloulizwa na mteja, kwa maneno yake mwenyewe. Kila swali likawa somo moja la bure. Sikutafuta mada kwingine, na mpaka leo sitafuti. Mtu aliyenunua au anayetaka kununua akishauliza, ujue wapo wengi wenye swali hilohilo ambao wameona aibu kuuliza.

Swali lililojaa daftarini lilikuwa la kupima asali. Kila mtu ana kipimo chake: wengine huwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa, wengine huimwaga mchangani, wengine hutazama kama sisimizi wanaikimbia. Nikachagua kile cha glasi ya maji, kwa kuwa ndicho kinachoaminika zaidi mtaani: ikizama mpaka chini bila kusambaa, ni halisi. Niliweka glasi 3 mezani. Ya kwanza nikatia asali yangu ya nyuki wakubwa. Ya pili nikatia sharubati ya sukari niliyoipika mwenyewe mpaka ikawa nzito. Ya tatu nikatia asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo ndiyo ghali kuliko zote nilizonazo.

Asali ya kwanza ikazama. Sharubati nayo ikazama, ikatulia chini vizuri kabisa kama asali. Ile ya nyuki wadogo ikaanza kusambaa mapema, kwa sababu kwa asili yake ina maji mengi na ni nyepesi, tena ina uchachu kidogo. Yaani feki imefaulu na ile ya bei kubwa imeshindwa. Nilimalizia kwa kusema wazi kwamba kipimo cha kweli kipo maabara, na mteja wa kawaida kinga yake ni kumjua anayemuuzia na kumuuliza asali imetoka wapi na imerinwa lini.

Wenzangu wawili wanaouza asali walinipigia wakilalamika kwamba natoa siri. Mmoja aliniambia, "Dada, unafundisha watu kuchakachua." Nilimjibu kwamba wachakachuaji wanajua siku nyingi, asiyejua ni mnunuzi. Nilimaanisha, na sijabadili mawazo.

Somo lililonipa wasiwasi kuliko yote ni lile la watoto. Mama mmoja aliulizia asali ya kumlambisha mtoto wa miezi 2 mwenye kikohozi. Ningeweza kumuuzia. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapaswi kupewa asali hata ya kulamba, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtu mzima huzimudu ila la mtoto mchanga haliziwezi. Nikamweleza, nikamshauri ampeleke mtoto hospitali, kisha nikarekodi dakika moja na nusu bila pambo lolote. Bibi mmoja alinipigia kwa ukali kwamba wao wamewalambisha watoto wote na wamekua. Nilimwamkia, nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikamweleza taratibu. Hakukubali, ila tuliagana vizuri. Ile video muuguzi mmoja aliisambaza kwa kina mama wa kliniki, na tangu hapo wanakuja wateja wanaosema, "Nakuamini, maana ulikataa kumuuzia mwenzangu." Hivyohivyo kwa wanaouliza kama asali inafaa kwa mwenye kisukari. Nawajibu kuwa asali inapandisha sukari mwilini, waongee na daktari wao kwanza. Mimi siuzi dawa.

Kuhusu mitandao yenyewe, kwangu stetasi ya WhatsApp imezaa matunda kuliko Instagram na TikTok kwa pamoja. Wanaoiona ni watu wenye namba yangu, na mimi nina zao. Ila ina masharti yake, na niliyajifunza kwa kuchelewa. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Ujumbe mmoja wa kutuma kwa watu wengi kwa mpigo, yaani ile orodha ya "broadcast", hauzidi watu 256 kwa orodha moja, na anayeupokea ni yule tu aliyesevu namba yako kwenye simu yake. Nilikuwa nawatumia watu mwezi mzima, kumbe karibu nusu hawapati chochote. Sasa kila chupa ina kikaratasi: "Sevu namba hii, asali ikiganda nitakuonyesha la kufanya." Neno "sevu namba upate ofa" nililijaribu kwanza, halikufika popote. Hili la asali ikiganda wanalisevu, kwa sababu wanajua watanihitaji.

Nilihamia WhatsApp Business, ambayo nayo ni bure, nikapanga bidhaa na bei zake kwenye katalogi ili nisiandike bei mara 30 kwa siku. Video za masomo nimezihifadhi. Akiuliza mtu swali la zamani namrushia ileile. Kingine kilichonisaidia kimyakimya ni kujisajili kwenye ramani ya Google. Nilirekodi video ya mlango, kibao na meza ya chupa ili wathibitishe kwamba nipo kweli, nikaweka saa za kazi na picha. Anayeandika "asali" akiwa maeneo ya Tabata ananiona. Hao huwa hawaulizi mengi, wanauliza njia tu, wanafika, wanalipa kwa lipa namba na kuondoka.

Kila mteja mpya namuuliza amenipataje, naandika pembeni ya jina lake. Zaidi ya nusu hutaja video aliyorushiwa na mtu anayemfahamu. Hapo ndipo nilipoamua kufupisha kila video iwe chini ya dakika 2 na isizidi ukubwa wa kumalizia mtu bando, kwani anayerushiwa ni shangazi wa kijijini mwenye MB 100 za siku, na ikimgharimu haifungui.

Bure haina maana kwamba haina gharama. Natumia Jumapili nzima mchana kurekodi video 3, nalipia bando, na kuna wiki sauti inakuwa mbaya narudia yote. Mauzo yalichukua karibu miezi 5 kupanda kwa namna niliyoweza kuiona daftarini. Katikati hapo niliuza sketi zangu 2 za sherehe ili nilipie ndoo. Leo kaka ananiletea ndoo 6 kwa mwezi badala ya 1.

Yule mama wa Njombe bado ni mteja. Mwaka huu aliagiza chupa 5 na kuniomba nimtumie zilizoganda tayari, eti wanawe wamezoea kuipaka kwenye mkate.

Swali la juu kabisa daftarini sasa hivi ni hili: kwa nini asali nyingine inanuka moshi? Jibu nalijua, linatokana na mrinaji kumwagia mzinga moshi mwingi wa mwenge wa nyasi badala ya kutumia kwa kiasi bomba la moshi, kile kifaa cha mkononi cha kufukizia nyuki. Lakini hili sitaki kulisema nikiwa mezani Tabata, nataka lionekane. Kaka ameingia porini Jumanne na simu yangu ya zamani, pauabenki 2, na maagizo kwamba ailaze simu na asizungumze na wenzake wakati anarekodi. Huko hakuna mtandao. Atatoka baada ya siku 9, ameniahidi dakika 2.