Sanduku la mjomba: kipi kibaki, kipi kiende

Ukivuta chambo bandia kimoja kutoka kwenye sanduku la mjomba la kuvulia samaki, vinakuja kumi na viwili. Ndoana zimeng'ang'aniana miaka yote hiyo, meno matatu hapa, meno matatu pale, na ukiinua unapata kitu kinachoning'inia kama mkungu wa ndizi wenye macho. Jumamosi nilikaa sakafuni na koleo nikauchambua mkungu huo. Nilichomwa mara nne. Mwisho nikahesabu vyambo bandia 143, na sanduku langu mimi lina vyumba 36.

Mjomba ameacha kuvua, magoti hayataki tena kusimama kwenye mashua. Aliponikabidhi sanduku alisema tu, "Utajua mwenyewe vya kuweka." Sikujua.

Rahisi vilikuwa vile vya kutupa bila kufikiri. Kuna chumba ambamo minyoo laini ya plastiki ililazwa pamoja na samaki wa plastiki ngumu. Mtu yeyote aliyewahi kufanya hivyo anajua kilichonisubiri. Ile plastiki laini imetiwa mafuta ya kuifanya ilegee, na mafuta hayo hutafuna plastiki ngumu na rangi. Mnyoo mmoja wa zambarau ulikuwa umezama ubavuni mwa samaki mpaka nusu ya unene wake, nilipouvuta ukaondoka na rangi, ukaacha mfereji unaonata. Majirani zake wote niliwapima kwa kucha. Pale rangi ilipobonyea chini ya kucha, nilikata ndoana, nikaitia kwenye kopo lenye kifuniko (msitupe ndoana wazi kwenye taka, kuna mtu atakayeubeba huo mfuko), na mwili ukaenda zake.

Kutu, kwa upande mwingine, hainitishi. Binti yangu alikuwa anarundika upande wa kutupa kila chenye ndoana nyekundu kwa kutu, nikamrudishia vyote. Ndoana hubadilishwa, na pete inayoishikilia hubadilishwa. Cha kutazama ni mwili, hasa kwenye vyambo vya mti, pale skrubu inapoingia. Ufa mwembamba kama unywele hapo unatosha: maji yanapenya, mti unavimba, rangi inainuka, na uzito uliopimwa vizuri na fundi unahamia pasipo pake. Na ukibadilisha ndoana, weka za uzito uleule. Mimi niliwahi kukifunga chambo chembamba ndoana nene kwa tamaa ya samaki mkubwa. Kikawa kinaburutwa kama kijiti.

Kwa hiyo kipimo changu kikuu ni kuogelea, na hicho huwezi kukifanyia sakafuni. Jumapili alfajiri nilikwenda kando ya maji na vile vilivyobaki, fimbo fupi ya kuvulia mkononi, nikawa natembea taratibu navuta kimoja kimoja karibu na ukingo, pale ninapoona mpaka chini. Kinachokimbilia kulia unapinda kidogo kile kitundu cha kufungia mshipi kuelekea kushoto, kidogo sana, halafu unajaribu tena. Vinane vilipona namna hiyo. Vingine vilipinduka tumbo juu hata baada ya kubembelezwa, nami sina umri wa kubembeleza plastiki.

Aliyenifungua macho hapa ni mtu wa Ufini, Lauri Rapala, mvuvi aliyechonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936. Alikuwa ametazama jinsi samaki mla wenzake anavyolipita kundi zima la vidagaa na kumfuata yule mmoja anayeyumba. Akachonga gome la mti wa koki kwa kisu cha fundi viatu, akalifunika kwa karatasi za kung'aa za chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha filamu za picha kupakia juu. Hebu fikiria sura ya kitu hicho kwenye rafu ya duka leo. Lakini kiliyumba inavyotakiwa.

Ndiyo maana kilichoingia chumba cha kwanza kabisa kwenye sanduku langu ni kibaya kuliko vyote. Cha mti, mgongo umebaki mweupe, jicho moja halipo, na kuanzia shingoni hadi mkiani kina mashimo ya meno, mengine ya kina cha kuingia ncha ya kalamu. Ulimi wake, kile kibamba cha mbele kinachokizamisha, umekwanguliwa na mawe. Nilipokivuta majini kikatikisa kiuno mara moja, na kisamaki cha ukubwa wa kidole kikatoka chini ya majani kukifuata. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Vyambo vya kijiko sitaki kuviongelea sana. Tangu Julio Buel wa Marekani apate hataza ya kijiko chake mwaka 1852, kitu chenyewe kimebaki kilekile: kipande cha chuma kilichobonyea, na hakuna cha kuharibika. Mjomba alikuwa na 29, vingi pacha. Nimebakiza vitano vya uzito tofauti.

Sasa lile ambalo nimekuwa nikilizungukia tangu mwanzo.

Miaka sita iliyopita, kabla sanduku halijawa langu, mjomba aliniazima chambo kimoja. Cha mti, kizito kidogo mkononi, mgongo wa kijani wenye nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, pangaboi dogo la shaba mbele na jingine nyuma, na macho ya kioo. Macho ya kweli ya kioo, yenye kina, ukikigeuza yanakutazama. Nikakiona kimechakaa, nikataka kumfurahisha mzee. Nikakipiga msasa jioni nzima, nikakipulizia rangi nyekundu kichwani na nyeupe mwilini, macho nimeyafunika kwa utepe wa karatasi wa kunata, nikakirudisha sandukuni kinang'aa. Sikumwambia chochote, nikingoja akione mwenyewe. Hakuvua nacho tena.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma wakusanyaji wanatafuta nini. Wapo wanaofukuzia vyambo vya mti vya mwanzo mwanzo mwa karne iliyopita, enzi za watu kama James Heddon wa Michigan, aliyeanza kwa kuchonga vyura vya mti miaka ya mwisho ya 1890. Wanatazama macho ya kioo, herufi zilizogongwa kwenye chuma, boksi lake la karatasi kama lipo. Na juu ya yote hayo, rangi ya kwanza. Ikiwa imepasuka, imechubuliwa na ndoana, haidhuru, mradi ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ukikipaka upya umekifuta. Nilikitoa Jumamosi, nikakwangua pangaboi kwa ukucha, na chini ya nyekundu yangu zikatokea herufi.

Binti akauliza, "Hiki tunatupa?" Nikamwambia hapana. "Kinaogelea?" Sikukijaribu. Penye skrubu zake pana ufa, maji yatakimaliza. Kwa vipimo vyangu vyote kilitakiwa kwenda. Kipo kwenye chumba cha 36, peke yake, nimekizungushia kitambaa.

Jana usiku mjomba akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeshachagua?"

Nikamweleza habari za minyoo, nikamweleza cha mashimo ya meno, akacheka mpaka akakohoa, akanitajia siku kilipong'atwa na jinsi mshipi ulivyomkata kidole. Halafu akanyamaza kidogo.

"Na yule wa macho ya kioo, yupo?"

Nikasema yupo, mjomba, nimemwekea chumba chake. Rangi hakuuliza.