Jiwe moja kijitoni

Leo kipindi cha baiolojia tumekifanyia kijitoni. Vijana 22, nyavu za mkono, sahani nyeupe za plastiki.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa kelele tupu.

Kisha binti mmoja, ambaye muhula mzima hajanyoosha mkono darasani, akageuza jiwe. Chini yake, mtoto wa kereng'ende! Tukamweka kwenye sahani yenye maji. Mara akafyatua taya lake la chini, akanasa kiluwiluwi wa mbu.

Kimya.

"Mwalimu, kumbe anakulia majini kabla ya kuota mabawa? Basi tukichafua hapa, hata wale wanaoruka watatoweka."

Hilo nilikuwa sijalifundisha bado.

Akalirudisha jiwe taratibu, upande uleule.

Wenzangu, nanyi ni kiumbe gani kiliwafungua macho mkiwa na umri huo?