Kiroba chetu kilipopasuka pale kona

Masika iliyopita gari la taka halikupita mtaani kwetu kama wiki tatu hivi, njia ilikuwa tope tupu, viroba vikarundikana pale kona kando ya mtaro mpaka vingine vikaanza kupasuka vyenyewe. Asubuhi moja natoka kwenda kazini nikakiona cha kwetu, nilikijua maana nilikifunga na kitambaa chekundu cha kitenge, mbwa wamekitoboa, kinachuruzika maji meusi taratibu kuelekea mtaroni, ndani maganda ya ndizi tulizokula Jumapili na wali uliochacha umejaa funza. Roho iliniuma sana, kwa sababu mtaro huohuo unapita nyuma ya genge la mama tunayenunua kwake mchicha kila siku.

Mi nimekulia hapahapa Tabata, Dar es Salaam, na habari za dampo tumezisikia tangu wadogo. Dampo la jiji lilikuwa huku, moshi usiku na mchana, nzi, harufu, watoto wanakohoa, mpaka wakazi wakaamua kwenda Mahakama Kuu na mwaka 1988 wakashinda kesi, haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba ikatajwa mle. Mpaka leo najivunia wazee wale. Lakini taka zenyewe zikaenda wapi? Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, huko nako watu wakashtaki wakashinda, dampo likahamia Vingunguti, baadae Mtoni, sasaivi ni Pugu Kinyamwezi. Yaani kila tulipoona limeondoka kuna mtaa mwingine ulikuwa unalipokea, na watu wa kule nao wana mapafu kama sisi.

Sasa gari lisipokuja watu wanafanyaje? Wanachoma. Jioni kwenye saa kumi na mbili utaona moshi kila uwanja, majani, pampasi, chupa za maji, vyote kwenye moto mmoja, na plastiki ikiungua kwa moto ule hafifu wa uani inatoa sumu kama dayoksini ambazo zinaingia kwa anayechochea na kwa mtoto aliyelala chumba cha pili. Wengine wanasubiri mvua kubwa inyeshe wamwage mtaroni maji yachukue, na yanachukua kweli, yanapeleka Mto Msimbazi, mitaro inaziba njiani, alafu Jangwani ikifurika tunailaumu mvua. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 imesaidia, mifuko ya rambo haizagai kama zamani, ila kilichokuwa kinanuka kwenye kiroba changu hakikuwa mfuko, yalikuwa maganda.

Na hapo ndo nilipoanza kuelewa. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani hapa Dar ni vitu vya kuoza, maganda, makapi ya nazi, mabaki ya chakula. Ukivifungia kwenye kiroba au vikifukiwa chini ya lundo pale dampo hewa haifiki, vinaoza bila hewa na kutoa methane, gesi ambayo kwa hesabu ya miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, na yale maji meusi yanapita kwenye betri na makopo ya dawa yanabeba sumu zake na kuzama nayo ardhini. Ganda lilelile likiozea penye hewa linakuwa mbolea. Linabadilika kutokana na mahali ulipoliweka tu!

Basi nikachukua ndoo kuukuu ya lita 20, nikapasha msumari kwenye jiko la mkaa nikaitoboa pembeni na chini. Wiki ya kwanza nilikosea, nilijaza maganda matupu, ikanuka na funza wakarudi, mama yangu akasema itoe hapa. Kumbe kila ukiweka maganda yafunike na vikavu mara mbili yake, mi natumia majani ya mwembe na maranda kidogo ya fundi seremala, alafu unageuza kila baada ya siku chache, na ukikamata mkononi ukaminya iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, isichuruzike. Nyama na mafuta usiweke kabisa. Baada ya kama miezi mitatu nilipofungua ilikuwa nyeusi, laini, inanukia udongo wa mvua ya kwanza, na mama ndo aliyeichota kwenda kuweka kwenye mchicha wake.

Chupa na makopo siku hizi yanakaa safi kwa sababu hayalowi mchuzi, kijana anayeokota makopo anapita Jumamosi nampa mkononi, hahitaji tena kupekua kiroba kwa vidole. Kilichobaki cha kupeleka kwenye gari hakijai hata kiroba kimoja kwa wiki mbili na hakinuki hata kikichelewa.

Ila dada yangu anakaa ghorofa ya tatu Kariakoo, hana uwanja wala mwembe, ndoo yake imejaa vinzi vidogo vile vya matunda na baraza wanachangia wapangaji wanne. Nimemwambia ajaribu maranda mengi zaidi na kufunika na kitambaa, bado. Kama kuna mtu anaishi ghorofani na ameweza naomba aniandikie amefanyaje, nitampelekea mwenyewe Jumapili.