Mkao wa Ngamia

"Mama, mbona ukijipinda nyuma hufumbi macho?" Binti yangu aliniuliza juzi, amechuchumaa pembeni ya mkeka wangu. Nilimjibu kwamba macho yakiwa wazi kizunguzungu hupungua. Ni kweli, ila nilimpa jibu nusu.

Zamani nilikuwa nikifanya yoga kwenye chumba kilichopashwa joto. Nyuzijoto 40, vioo vimeshika ukungu, dakika 90, mikao 26 kwa mpangilio usiobadilika, ule ulioenezwa Marekani na Bikram Choudhury, mwalimu wa yoga kutoka India, tangu miaka ya 1970. Siku moja mikao ya kusimama ilipita, ya kulala kifudifudi ikapita. Tukafika kwenye ngamia.

Unapiga magoti, viganja kiunoni, unasukuma nyonga mbele, unaachia kichwa kiende nyuma, kisha unashika visigino. Koo na kifua vyote wazi. Jasho lilinitiririka hadi masikioni, sauti ya mwalimu ikawa mbali. Moyo ulidunda kwa kasi iliyonitisha. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi jasho halikauki upesi, na lisipokauka halipozi mwili, basi damu hukimbilia kwenye ngozi kutoa joto na moyo hulemewa. Hayo niliyasoma baadaye. Pale nilijua hofu tu, hofu nisiyoweza kusema ni ya nini. Nikafumba macho, na gizani kila kitu kikazunguka.

"Fumbua macho, dada," mwalimu alisema taratibu, yuko karibu yangu kabisa. "Tazama ukuta. Vuta pumzi kwa pua."

Nikafumbua. Ukuta ulikuwa juu chini, una ufa mwembamba kwenye rangi. Niliufuata ule ufa kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, pumzi baada ya pumzi, na machozi yakaanza kutoka. Sikuyazuia. Kila uso mle ndani ulikuwa umelowa, nani angeyatambua?

Tulipolala chali nilitulia. Niliendelea kwenda mle hadi nilipopata mimba ya huyu binti, nikaacha, maana joto la namna ile si salama kwa mjamzito.

Wenzangu wa yoga husema ngamia hufungua huzuni iliyofungiwa kifuani. Mimi sijakubali wala sijakataa. Mwili uliochoka kwa joto unaweza kulia wenyewe. Lakini joto halinielezi kwa nini aliyenijia pale alikuwa baba, ambaye siku ya mazishi yake sikutoa chozi.