Ramani ya gemu si picha, ni namba

Ukiifungua provinces.bmp, faili ya ramani ya majimbo ya gemu ya vita Hearts of Iron IV, ili uihariri, utaona vipande vya rangi ovyo ovyo, upana pikseli 5632, kimo 2048. Kila jimbo lina rangi yake pekee. Gemu huisoma rangi hiyo kama namba tatu, kisha huitafuta kwenye definition.csv, faili yenye orodha ya majimbo yote, ili kujua ni jimbo gani, na kama ni nchi kavu au bahari.

Kwa hiyo usiguse brashi ya kawaida. Brashi huchanganya rangi pembezoni: kati ya 200,40,40 na 40,40,200 itakuachia pikseli za 120,40,120. Jicho halizioni, lakini kwa gemu hilo ni jimbo jipya lisilosajiliwa popote. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, tumia penseli. Ukimwaga rangi kwa ndoo, zima ulainishaji wa kingo na uweke kiwango cha kufanana kwa rangi kuwa 0. Zana za kuchagulia nazo zina ulainishaji wake, uzime pia. Na JPEG isikaribie kazi hii hata kwa kuhifadhi nakala tu, maana huvuruga rangi picha nzima.

Kosa jingine ni majimbo manne kukutana kwenye nukta moja. Gemu hulalamika. Kuza picha hadi asilimia 800, sogeza mpaka wa jimbo moja kwa pikseli moja, basi.

Mito ndiyo inayowatesa wengi. rivers.bmp, faili ya mito, ni ya biti 8, na gemu husoma nafasi ya rangi kwenye paleti, yaani orodha ya rangi za picha hiyo. Ukiigeuza kuwa RGB (rangi za namba tatu) kisha ukairudisha, GIMP inaweza kuipanga paleti upya: mto bado ni buluu machoni pako, ila nafasi yake imeshabadilika. Ihariri ikiwa na paleti yake ileile. Mto uwe mnene pikseli moja, pikseli zigusane ubavu kwa ubavu, si ncha kwa ncha, na chanzo kiwe pikseli moja ya kijani.

Unapotoa provinces.bmp kutoka GIMP (Export) chagua biti 24, si 32, na uzuie taarifa za mfumo wa rangi (color space) zisiandikwe kwenye faili. Kabla ya kuwasha gemu, fungua Colorcube Analysis ndani ya GIMP, ikuhesabie rangi zilizopo. Zikizidi mistari ya definition.csv, kuna pikseli chafu mahali fulani, zitafute kwanza.