Babu wa udongo aliyefumba macho

Jumapili, usiku

Nimezunguka makumbusho ya sanaa za jadi hapa Santa Fe, Marekani, mpaka miguu imeuma, na bado namuwaza yule babu wa udongo. Amekaa kitako, miguu kainyoosha mbele, watoto wamemjaa kuanzia mapajani hadi mabegani kama kumbikumbi kwenye taa. Nilianza kuwahesabu. Nilipofika wa kumi na ngapi sijui, nikaona mwenyewe kafumba macho, na mdomo uko wazi.

Aliyeanzisha sanamu hizi ni Helen Cordero wa Cochiti, kijiji cha Wapueblo, wenyeji wa asili wa huku, humuhumu jimbo la New Mexico. Alipojaribu ufinyanzi, bakuli zake zilitoka zimepinda (nilifurahi kulijua hilo!), ndipo jamaa wa mumewe akamshauri afinyange watu. Mwaka 1964 Alexander Girard, mkusanyaji wa sanaa, akamwomba sanamu kubwa zaidi, yenye watoto. Helen akamkumbuka babu yake, Santiago Quintana, bingwa wa kusimulia. Ya kwanza ilikuwa na watoto 5. Baadaye aliwahi kufika 30.

Sanamu husiribwa udongo mweupe, ikachorwa kwa rangi nyeusi ya majani ya mwituni yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, kisha ikachomwa nje kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Hapo ndipo roho inapodunda, maana ufa mmoja tu na kazi yote imekwenda.

Wafinyanzi wengi walimfuata, wengine wakatengeneza mpaka vyura na bundi wanaosimulia. Mimi wananichekesha. Helen alinung'unika kwamba watu wanaiga bila kujua kuwa huyo ni babu yake, na nadhani alikuwa na haki.

Kuhusu macho, alieleza kwamba babu kayafumba kwa sababu anawaza, na mdomo uko wazi kwa sababu anaimba.

Babu yangu naye alikuwa akifumba macho katikati ya hadithi. Sisi tulijua kalala. Tukawa tunanyata mmoja mmoja kutoka nje, kwenye mpira. Jioni moja nilikuwa wa mwisho. Nimeshafika mlangoni, nikasikia nyuma yangu, taratibu kabisa: "Basi, Sungura akamwambia Fisi..."

Sikurudi kukaa. Nje walikuwa wameshagawana timu.