Bahasha Niliyoipokea Madrasani

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii usingizi umenipita mbali. Jumanne baada ya Isha alinipigia simu kijana wa kampeni ya mgombea mmoja wa ubunge huku kwetu Uganda. Anataka tumpokee mkubwa wake Ijumaa baada ya swala. "Haji, hatakuja mikono mitupu," akaniambia. Nikamjibu nitashauriana na kamati. Simu ikakatika, nami nikabaki nimekaa mkekani na kofia mkononi, maana maneno hayo niliwahi kuyasikia miaka mitano iliyopita, na siku ile niliyafurahia.

Wengi wenu hamjui habari hii. Mwisho wa mwaka 2020, zile kampeni za wakati wa korona, mikutano mikubwa ilikatazwa, kwa hiyo wagombea walipita kwa watu wachache wachache. Mmoja alifika msikitini kwetu, huku njia ya Malaba, akakaa madrasani na sisi watano wa kamati. Alileta mabati 30, sukari na sabuni. Alipokuwa akiaga tulipeana mkono, na mkononi mwangu ikabaki bahasha. Shilingi 50,000. Mimi ndiye mhazini, na sikuiandika daftarini. Biashara ilikuwa imelala, nilikuwa na deni la unga na mafuta dukani, nikajiambia hii ni riziki, Allah amenijibu. Ijumaa iliyofuata nikamwombea yule bwana dua kwa sauti, nanyi mkaitikia amina.

Mliitikia amina bila kujua kwamba dua ile ilikuwa imelipiwa. Naomba mnisamehe kwa hilo.

Alishinda. Mwaka wa pili kituo chetu cha afya kikakaa wiki kadhaa bila dawa ya malaria, akina mama wakawa wanaandikiwa karatasi tu waende kununua wenyewe. Nikaenda na wazee wawili kumwona. Alitupokea vizuri, tukaletewa soda. Nilipoanza kueleza shida yetu akanitazama mimi, si wenzangu, akatabasamu na kusema, "Haji, lakini sisi si tulimalizana?" Wazee wakanigeukia wakingoja nijibu. Sikuwa na jibu. Nilikunywa soda mpaka ikaisha, tukaaga, tukapanda bodaboda kurudi, na njia nzima hakuna aliyesema neno.

Tunajua sote kwamba mtoa rushwa na mpokeaji wamelaaniwa. Hata sheria ya uchaguzi wa Bunge ya mwaka 2005 inawahesabu wote wawili kuwa na kosa. Ila hadithi iliyonishika wiki hii ni nyingine, aliyoisimulia Abu Huraira, imo katika Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametaja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama, wala hatawatazama, wala hatawatakasa. Mmoja ana maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Mwingine anaapa uongo baada ya Alasiri ili auze bidhaa yake. Na mwingine ni mtu aliyempa kiongozi bai'a, yaani ahadi ya utii, kwa ajili ya dunia tu: akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi.

Nimeisikia hadithi hii tangu nikiwa mtoto wa chuoni, na kila mara nilidhani inawahusu wakubwa, watu wa ikulu. Ndugu yangu, soma tena. Anayetajwa pale si kiongozi, ni raia. Ni yule aliyeshika karatasi ya kura. Ni mimi.

Kura ni ushahidi. Unaposimama kwenye lile beseni la kupigia alama karatasi ya kura unatoa shahada kwamba huyu anafaa kubeba amana ya watu. Na Allah ametuambia katika Suratun Nisaa tusimamishe uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Basi mtu asinijie na hoja kwamba fulani ni Mwislamu mwenzetu, inatosha. Haitoshi. Mwislamu mwenzetu ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa sababu anaijua aya.

Na yapo ya kuuliza! Katiba ya 1995, ibara ya 129, imezitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto. Miaka 30 sasa. Safu ya nyuma msikitini kwetu yuko mama mmoja mjane. Shemeji zake wamechukua shamba la marehemu mumewe, na anazunguka na faili lake ndani ya mfuko wa plastiki, leo kwa mwenyekiti wa kijiji, kesho kwa shehe, keshokutwa mjini. Mgombea gani tumewahi kumkalisha chini tukamwuliza atafanya nini Bungeni kuhusu ibara hiyo? Tumeuliza mabati. Tumeuliza spika za msikiti. Samahani kama nasema kwa ukali, ila nasema na wanaume wenzangu wa kamati zote za misikiti: tunaowapokea hawa ni sisi, tunaowapa kipaza sauti ni sisi, na tunaogawana bahasha kabla akina mama hawajavaa viatu ni sisi.

Mtume alimkemea mkusanyaji zaka aliyesema, "Hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi." Akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa. Nimejiuliza hivyo hivyo. Ningekuwa nimekaa kwa mama yangu, bila cheo cha uhazini, yule bwana angenitafuta kunipa shilingi 50,000? Asingejua hata jina langu.

Alhamisi niliieleza kamati yote haya. Imamu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia fedha ile niitoe kwa maslahi ya watu na nisitarajie thawabu ya sadaka. Nimelipa fundi, bomba la udhu upande wa akina mama limetengenezwa, na daftarini nimeandika kwa mkono wangu zilikotoka.

Yule kijana nimempigia. Mkubwa wake akaribie Ijumaa. Hatapewa kipaza sauti wala mimbari, na asilete kitu. Tutaweka benchi chini ya mwembe, nje ya madrasa, atakaa nasi tutakaa, na majibu yake yataandikwa na kubandikwa mlangoni kabla ya kura ya tarehe 15 Januari 2026. Wengine wakitaka kuja, nao watakalia benchi hilo hilo. Yule mama mwenye faili ndiye atakayeuliza kwanza. Nimeshamwomba, na amekubali.